Hisa za senti za kampuni zilizo taabani: kampuni inaweza kupona na hisa yako ikafa

Mleta uzi

Wakuu, kila masoko ya hisa yanapopita kipindi kigumu hurudi swali lile lile: kampuni fulani iliyokuwa kubwa, ambayo jina lake linajulikana na kila mtu, hisa yake imeporomoka hadi kuuzwa kwa senti chache, je, huu si wakati wa kununua? Hoja inayoandamana na swali hilo ni nyepesi kueleweka, na ndiyo maana ina nguvu. Husemwa kwamba hisa haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwamba iliyokwisha kushuka sana imebakiza nafasi ndogo ya kushuka, na kwamba ikirudi hata kwenye robo ya bei yake ya zamani mnunuzi atavuna mara nyingi ya alichoweka. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu hoja hiyo ina kasoro tangu msingi wake, na kasoro yenyewe haihusu sana swali la kama kampuni itafilisika au haitafilisika. Kampuni nyingi zilizo taabani hazifi. Hubadilisha wamiliki, hupunguziwa madeni, na huendelea na biashara ile ile kwa jina lile lile. Kinachokufa ni hisa za wale waliokuwamo kabla ya matibabu.

Tuanze na bei. Bei ya hisa moja ikisimama peke yake haisemi lolote kuhusu urahisi au ughali. Kampuni yenye hisa bilioni 3 zinazouzwa senti 20 kila moja inathaminiwa na soko kwa milioni 600, ilhali kampuni yenye hisa milioni 5 zinazouzwa 100 kila moja inathaminiwa kwa milioni 500. Anayenunua ya kwanza akidhani ameokota cha bure, kwa kweli anakubali bei kubwa zaidi kwa kampuni nzima, na hapo hatujaongeza deni ambalo kampuni hiyo inadaiwa. Ukitaka kujua soko linaithamini biashara kwa kiasi gani, zidisha bei kwa idadi ya hisa zote, ongeza madeni, kisha toa fedha taslimu zilizopo. Mara nyingi utakuta kwamba hisa imeshuka kwa asilimia 90 lakini biashara yenyewe bado inathaminiwa kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa karibu thamani yote iliyobaki ni ya waliokopesha.

Kuhusu lile la kwamba imeshashuka mno: hisa iliyoshuka kwa asilimia 90 ni hisa iliyoshuka kwanza kwa asilimia 80, kisha ikapoteza nusu ya kilichosalia. Aliyenunua ilipofika 20 kutoka 100, akiamini kwamba imegota chini, amekwisha kupoteza nusu ya fedha zake inapofika 10, na nusu ya salio lake inapofika 5. Hasara ya mtu haipimwi kwa bei ya kale bali kwa bei aliyonunulia yeye, na kutoka hapo hadi sifuri ni asilimia 100 kwa kila mtu, awe alinunua kwa 100 au kwa senti 3.

Kiini cha jambo kiko kwenye foleni ya madai. Kampuni inaposhindwa kulipa, mali zake hazigawanywi sawa kwa sawa. Maelezo ya sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini kwa sehemu kubwa mpangilio ni mmoja: hutangulia wakopeshaji walioshika dhamana, ambao huchukua majengo, mitambo au ndege walizowekewa rehani, hufuata gharama za mfilisi na mawakili, mishahara ya wafanyakazi na kodi kwa viwango vinavyotambuliwa na sheria, kisha wadai wasio na dhamana, wakiwamo wenye hati fungani za kawaida (hati za kuikopesha kampuni) na waliouza bidhaa kwa mkopo, kisha wenye hisa za upendeleo, na mwisho kabisa, baada ya kila mtu kushiba, ndipo mwenye hisa ya kawaida hufikiwa. Kampuni yenye mali za bilioni 4 na madeni ya bilioni 6 haina kitu cha kumfikia huyu wa mwisho, hata kama wafanyakazi wake wanaingia kazini kila asubuhi na wateja wanapanga mstari mlangoni.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni General Motors, kampuni ya magari ya Marekani. Iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai tarehe 1 Juni 2009. Ndani ya wiki chache mali zake nzuri ziliuzwa kwa kampuni mpya iliyopewa mtaji na serikali za Marekani na Kanada, na ile ya zamani, iliyobaki na madeni na viwanda visivyotakiwa, ikaitwa Motors Liquidation Company. Hisa za zamani ziliendelea kuuzwa nje ya soko rasmi kwa bei ya chini, na watu waliendelea kuzinunua, ingawa kampuni yenyewe ilitamka bayana kwamba haikutarajia wanahisa hao kupata chochote. Novemba 2010 kampuni mpya iliuza hisa zake kwa umma kwa shangwe kubwa. Tarehe 31 Machi 2011 hisa za zamani zilifutwa. Aliyebashiri kwamba General Motors haitakufa alibashiri sawasawa, na bado alipoteza kila kitu.

Swali la kuuliza, basi, si kama kampuni hii itapona. Ni nani atakayelipia uponyaji wake, na atadai alipwe nini.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nashukuru kwa uzi huu, lakini naona umechagua mfano unaokufaa. Hertz, kampuni ya kukodisha magari ya Marekani, nayo iliomba ulinzi wa mahakama Mei 2020, hisa yake ikaanguka chini ya dola 1, na walioshikilia hadi mwisho walilipwa vizuri. American Airlines pia iliingia kwenye ulinzi huo Novemba 2011, na wanahisa wake wa zamani walipata hisa katika kampuni iliyozaliwa na muungano wake na US Airways mwaka 2013. Kama mambo haya hutokea, kwa nini tuseme kwamba mwenye hisa ya kawaida hufutwa? Zaidi ya hayo, kama hisa hizi hazina thamani, kwa nini soko halizipeleki sifuri moja kwa moja? Wapo wenye akili na mitaji mikubwa humo sokoni.

Mleta uzi

Ndugu yangu, pingamizi lako ni la haki, na mfano wa Hertz unastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndio unaotajwa kila mahali.

Kampuni ile iliomba ulinzi tarehe 22 Mei 2020. Siku chache baadaye hisa ilikuwa karibu senti 50 za dola, na kufikia tarehe 8 Juni ilikuwa imevuka dola 5, bila habari yoyote mpya iliyoeleza ongezeko hilo zaidi ya wimbi la wanunuzi wadogo. Kampuni ilipoona hivyo iliomba ruhusa ya mahakama kuuza hisa mpya kwa umma, ikaruhusiwa, na katika waraka wa mauzo iliwaonya wanunuzi kwamba hisa hizo zingeweza kuishia kutokuwa na thamani yoyote. Mauzo yalisimamishwa baada ya mamlaka ya usimamizi wa masoko kuhoji, lakini kiasi cha dola milioni 29 kilikuwa kimekwisha kukusanywa. Hisa ikarudi chini ya dola 2. Oktoba ikaondolewa kwenye soko la New York. Machi 2021 mpango wa kwanza wa urekebishaji ulipendekeza wanahisa wa zamani wasipate kitu.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba safari zilirejea haraka kuliko ilivyotarajiwa, bei za magari yaliyotumika zikapanda kwa namna isiyo ya kawaida na kuongeza thamani ya maelfu ya magari ambayo kampuni ilikuwa nayo, na makundi mawili ya wawekezaji wakubwa yakaanza kushindana kuinunua, kila moja likiongeza dau juu ya jingine. Foleni nzima ya wadai ikalipwa na ikabaki ziada. Mwenye hisa wa zamani alipata dola 1.53 taslimu kwa hisa pamoja na hisa chache za kampuni mpya na haki za kununua nyingine, kwa makadirio ya jumla ya dola 7 hadi 8. Ni kweli alipata. Lakini tazama ni mambo mangapi yalilazimika kukutana, na kwamba miezi 4 kabla ya mwisho waraka rasmi ulikuwa bado unamwandikia sifuri. Anayenunua leo hisa ya kampuni hoi akitaja Hertz anapaswa aeleze katika kampuni yake ni mali gani itakayopanda bei kiasi cha kuwashibisha wadai wote waliomtangulia.

Kuhusu swali lako la pili, hisa ya kampuni ambayo madeni yake yamezidi mali haiendi sifuri kwa sababu bado ni tikiti ya bahati. Mwenye hisa hawajibiki kulipa deni la kampuni, hivyo mambo yakiharibika zaidi hapotezi zaidi ya alichoweka, na yakitokea maajabu hupata ziada yote. Nafasi hiyo ndogo ina bei, na bei hiyo huitwa bei ya hisa. Ndiyo maana hisa hizi huruka kwa asilimia 30 au 40 kwa siku moja bila sababu: thamani yote imeegemea kubadilika kwa matumaini. Ongeza hapo kwamba wanaotaka kubashiri kushuka hulazimika kuazima hisa hizo ili waziuze, na hisa za namna hii ni adimu na ghali kuazima, kwa hiyo wenye shaka hukaa pembeni na bei huachwa mikononi mwa wenye matumaini. Bei ya senti 15 haimaanishi kwamba wataalamu wamekaa wakakubaliana kuwa zipo senti 15 za mali nyuma ya kila hisa.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongezee kipengele ambacho naona hakijaguswa ipasavyo, nacho ni kupungua kwa umiliki. Nimefanya kazi ya kuchambua taarifa za fedha kwa muda mrefu, na kwa maoni yangu hiki huwamaliza wanahisa wengi kuliko ufilisi wenyewe, kwa sababu hakina siku ya msiba. Kila mwezi mtu anabaki na idadi ile ile ya hisa na kipande kidogo zaidi cha kampuni.

Kampuni isiyokopesheka benki ina njia chache za kupata fedha, na iliyo rahisi kuliko zote ni kutoa hisa mpya. Kama zipo hisa milioni 100 na kampuni ikatoa nyingine milioni 400 kwa bei ya kutupa, aliyekuwa anamiliki asilimia 1 sasa anamiliki sehemu ya tano ya asilimia hiyo. Ili hisa yake irudi kwenye bei ya awali, kampuni nzima lazima iwe na thamani mara 5 ya iliyokuwa nayo, jambo ambalo hata menejimenti haiahidi.

Baya zaidi ni mikopo inayogeuzwa kuwa hisa kwa punguzo la bei ya soko. Chukua mkopeshaji aliyetoa milioni 10 kwa masharti kwamba anaweza kugeuza deni lake kuwa hisa kwa asilimia 80 ya bei ya siku hiyo. Hisa ikiwa 1.00, anageuza milioni 2 kwa 0.80 na kupata hisa milioni 2.5, anaziuza mara moja, na bei inashuka. Ikifika 0.50, milioni 2 nyingine zinampa hisa milioni 5. Ikifika 0.10, milioni 2 zile zile zinampa hisa milioni 25. Kadiri anavyouza ndivyo bei inavyoanguka, na kadiri inavyoanguka ndivyo anavyopewa hisa nyingi zaidi za kuuza. Yeye hana haja kampuni ipone, kwa kuwa faida yake imo kwenye lile punguzo. Aliye upande wa pili wa mauzo hayo ni mnunuzi mdogo anayeshangaa kwa nini hisa haipandi hata baada ya habari njema.

Bed Bath & Beyond, kampuni ya Marekani ya maduka ya vifaa vya nyumbani, ilipitia njia inayofanana na hiyo. Januari 2023 ilitangaza kwamba kulikuwa na shaka kubwa kuhusu uwezo wake wa kuendelea na shughuli. Februari ikafanya mpango wa hisa za upendeleo na haki za kununua hisa, zilizogeuzwa kuwa hisa za kawaida kwa kasi, hivi kwamba idadi ya hisa, iliyokuwa karibu milioni 117, ilipita milioni 400 ndani ya wiki chache. Fedha hizo hazikutosha. Tarehe 23 Aprili ikaomba ulinzi wa mahakama, na mwishoni mwa Septemba hisa zake zikafutwa. Jina lake lilinunuliwa na Overstock, kampuni ya mauzo ya mtandaoni, kwa dola milioni 21.5, na duka la mtandaoni lenye jina hilo likaanza kuhudumia wateja mwaka huo huo. Hili linaunga mkono hoja ya mleta uzi: mteja aliyetembelea duka hilo angedhani kampuni imepona.

Kwa wale wanaofuatilia, msitazame idadi ya hisa iliyoandikwa kwenye ukurasa wa dalali, kwani mara nyingi imepitwa na wakati. Idadi sahihi imo kwenye taarifa ya karibuni ya kampuni, na katika maelezo ya mtaji mtakuta ni hisa ngapi zaidi zimeruhusiwa kutolewa. Mkiona kampuni inaitisha mkutano wa wanahisa ili kuongeza idadi hiyo inayoruhusiwa mara kadhaa, basi mjue kinachokuja.

Mchangiaji wa tatu

Mimi si mtaalamu, ila nauliza: je, mtu hawezi kujikinga kwa kuweka amri ya kuuza hisa ikishuka hadi kiwango fulani? Ananunua kwa senti 30, anaweka amri kwenye 24, na hasara yake kubwa ni asilimia 20.

Mleta uzi

Amri hiyo hutekelezwa pale tu anapokuwapo mnunuzi na soko likiwa wazi, na katika hisa hizi vyote viwili hukosekana siku ile ile vinapohitajika.

Fungua kitabu cha oda cha hisa ya aina hii siku ya kawaida. Upande wa wauzaji utaona mamia ya maelfu ya hisa zimepangwa kuanzia senti 11, na upande wa wanunuzi pengine hisa elfu chache kwa senti 10, kisha pengo, kisha mtu mmoja kwa senti 7. Ukinunua kwa 11 na kutaka kuuza dakika hiyo hiyo, umeshapoteza karibu asilimia 9 kabla ya ada ya dalali. Ukiwa na hisa laki moja za kuuza, elfu chache zitachukuliwa kwa 10 na zilizobaki zitateremka hadi 7. Bei inayoonekana kwenye simu ni ya muamala wa mwisho uliofanyika, na hakuna aliyekuahidi kwamba wewe nawe utaipata.

Kisha kuna kusimamishwa. China Evergrande, kampuni ya ujenzi wa nyumba ya China, ilisimamishwa kwenye soko la Hong Kong Machi 2022, na iliporejea tarehe 28 Agosti 2023 ilipoteza takriban asilimia 79 siku ya kwanza. Hakuna amri ya kuuza iliyoweza kumwokoa mtu katikati ya pengo hilo. Tarehe 29 Januari 2024 mahakama iliamuru ifilisiwe, ikasimamishwa tena, na Agosti 2025 ikaondolewa sokoni moja kwa moja. Hata pale ambapo mwisho si mbaya, muda una gharama yake. Hisa za Kenya Airways zilisimamishwa kwenye soko la Nairobi Julai 2020 na hazikurudi hadi Januari 2025. Kwa zaidi ya miaka 4 mwenye hisa hakuweza kuuza hata moja, awe ana dharura au hana. Kabla ya hapo, mwaka 2017, madeni ya serikali na ya mabenki yaligeuzwa kuwa hisa, na hata mbia mkubwa kama KLM, shirika la ndege la Uholanzi, aliyekuwa na kiasi cha asilimia 27, akajikuta na asilimia 7.8. Ndege ziliendelea kuruka kwa sehemu kubwa ya muda huo.

Masoko mengine yana kanuni za bei ya chini kabisa. Kwenye Nasdaq, mojawapo ya masoko ya hisa ya Marekani, hisa ikikaa chini ya dola 1 kwa siku 30 za kazi mfululizo, kampuni hupewa onyo na kwa kawaida hupewa siku 180 za kujirekebisha, na njia inayotumika sana ni kuunganisha hisa, kwa mfano 20 kuwa 1, ili 0.30 igeuke 6.00. Thamani haijaongezeka hata kidogo. Ni sawa na kubadilisha noti ndogo kwa kubwa. Aliyekuwa na hisa 2,000 anaamka na hisa 100, na kwa kuwa biashara bado inavuja fedha, 6.00 huanza tena safari ya kuteremka. Ukiona kampuni imeunganisha hisa zaidi ya mara moja katika miaka michache, chati yake ya bei ya zamani itaonyesha namba za kuchekesha, kana kwamba hisa iliwahi kuuzwa kwa maelfu.

Mchangiaji wa nne

Naomba tusisahau walaghai. Hisa yenye bei ndogo na ukwasi mdogo, yaani wanunuzi na wauzaji wachache, ndiyo rahisi kupandishwa kwa makusudi, kwani fedha kidogo tu huisogeza mbali. Kampuni ya udalali ya Stratton Oakmont huko Marekani ilijulikana kwa mchezo huo hadi ilipofukuzwa kwenye chama cha wauza hisa mwaka 1996: wahusika hujilimbikizia hisa mapema, huwapigia watu simu kwa maneno matamu, bei hupanda, wao huuza, na walioitikia wito hubaki nazo. Siku hizi simu imeachia nafasi makundi ya mitandaoni, lakini utaratibu haujabadilika. Kampuni iliyo taabani hufaa zaidi kwa mchezo huo kuliko kampuni isiyojulikana, kwa sababu jina lake tayari linaaminika na hadithi ya kufufuka ni tamu kusimulia. Mtu akikutumia ujumbe kwamba mwekezaji mkubwa wa siri yuko njiani, jiulize kwa nini siri hiyo imekufikia wewe.

Mchangiaji wa kwanza

Nimekubali mengi. Sasa kwa anayetaka kuchunguza mwenyewe badala ya kusikiliza minong'ono, aanzie wapi kwenye taarifa za fedha?

Mleta uzi

Mimi huanza mwisho, kwenye maelezo ya hesabu, kwa sababu kurasa za mbele zenye picha na barua ya mwenyekiti huandikwa na wanaotaka kusifiwa.

Tafuta kwanza ratiba ya kuiva kwa madeni: kiasi gani kinatakiwa kulipwa ndani ya miezi 12, na kwa nani. Linganisha na fedha taslimu zilizopo. Kisha nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha uone shughuli za kawaida zinaingiza au zinatumia kiasi gani. Kampuni yenye milioni 90 benki inayotumia milioni 15 kila mwezi kuliko inavyoingiza ina miezi 6, hata kama taarifa ya mapato inaonyesha faida. Faida huweza kuandikwa kutokana na mauzo ambayo mteja hajalipa, au kutokana na kuongezwa kwa thamani ya ardhi kwenye vitabu, wakati mishahara inahitaji fedha halisi. Angalia pia ni mali zipi zimewekwa rehani. Mara nyingi kile kiwanja au jengo ambalo watu husema peke yake lina thamani kuliko hisa zote, tayari ni la benki.

Soma taarifa ya mkaguzi yote, hasa aya inayozungumzia uwezo wa kampuni kuendelea na shughuli zake. Ikiwapo, ichukue kwa uzito. Isipokuwapo, usijifariji. Carillion, kampuni ya ujenzi ya Uingereza, ilitoa hesabu za mwaka 2016 ambazo mkaguzi hakuzitilia shaka ya namna hiyo. Julai 2017 ilitangaza kupunguza thamani ya mikataba yake kwa pauni milioni 845, na tarehe 15 Januari 2018 iliingia kwenye ufilisi ikiwa na pauni milioni 29 tu taslimu dhidi ya madeni na majukumu ya karibu bilioni 7. Kuchelewa kutoa hesabu, au mkaguzi kujiuzulu katikati ya mwaka, kwangu mimi ni ishara nzito kuliko namba yoyote.

Kwa anayependa kipimo kimoja, Edward Altman alichapisha mwaka 1968 kanuni inayounganisha uwiano wa aina 5, ikiwamo mtaji wa uendeshaji, faida iliyolimbikizwa na thamani ya soko dhidi ya madeni. Kwa kampuni za viwanda, alama iliyo chini ya 1.81 huashiria hatari na iliyo juu ya 2.99 huashiria usalama. Ni chombo cha kuchuja tu. Haifai kwa mabenki, na haikuambii ni nani atakayefutwa.

Jambo ambalo wadogo hulisahau ni kutazama bei ya hati fungani za kampuni hiyo hiyo, pale zinapouzwa hadharani. Kama hati inayoahidi kulipa 100 inauzwa kwa 25, basi waliotangulia kwenye foleni wanatarajia kupoteza sehemu kubwa ya fedha zao. Sijaona hesabu inayoweza kumpa faida aliye nyuma yao.

Mchangiaji wa tatu

Na ambaye tayari anazo? Kampuni niliyo na hisa zake imetangaza toleo jipya kwa wanahisa wa sasa: hisa 4 mpya kwa kila 1, kwa bei iliyo nusu ya bei ya soko. Wenzangu wananihimiza ninunue ili kushusha wastani wa bei yangu.

Mleta uzi

Wastani wako hauijui kampuni, wala kampuni haiujui wastani wako. Fedha mpya unazotakiwa kuweka zihukumiwe kama vile huna hisa hata moja: je, ungeinunua kampuni hii leo kwa bei hiyo? Kama jibu ni hapana, hasara ya zamani haigeuzi jibu hilo kuwa ndiyo.

Fanya hesabu ya bei baada ya toleo. Tuseme bei ya soko ni 0.20: hisa 1 ya zamani kwa 0.20 na hisa 4 mpya kwa 0.10 ni jumla ya 0.60 kwa hisa 5, yaani 0.12 kila moja. Bei itaelekea huko hata kama hakuna habari mbaya, kwa hiyo usidhani unanunua kwa nusu bei. Unanunua kwa 0.10 kitu kinachoelekea 0.12. Usipochukua, sehemu yako ya umiliki itabaki moja ya tano ya ilivyo sasa. Kisha soma matumizi ya fedha: kama sehemu kubwa inakwenda kulipa mkopo wa benki unaoiva, basi wewe ndiye unayemtoa benki kwenye hatari na kuingia mahali pake, bila dhamana aliyokuwa nayo.

Halafu tazama kama waraka wa toleo unaruhusu haki zako za kununua hisa mpya kuuzwa sokoni. Zikiruhusiwa, unaweza kuziuza bila kuongeza hata senti na kufidia sehemu ya upungufu, ila angalia tarehe ya mwisho na umpe dalali wako maelekezo siku kadhaa kabla, kwani haki isiyotumika wala kuuzwa hadi siku hiyo mara nyingi huisha bila malipo yoyote.